Nyumba Iliyorukwa

Kikosi kilipekua nyumba zote za mtaa wetu, kikairuka yangu. Ningejua mapema hasara yake, ningewavuta wale askari ndani kwa mikanda yao.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Walikuja na magari matano na mbwa wawili, nyuso zimefunikwa. Waziri alikuwa ametangaza kwenye televisheni kwamba ndani ya siku arobaini nchi haitakuwa na dawa za kulevya, na hiyo ilikuwa siku ya tisa. Walikwenda mlango kwa mlango. Mmoja alishika orodha, wawili waliingia na mbwa, wa mwisho alibeba rangi. Nyumba ikiwa safi wanachora duara la kijani kwenye mwimo wa mlango. Wakikuta kitu, msalaba mwekundu.

Mimi ni mtu wa mpangilio. Niliposikia wameanza kule juu, nilifungua milango yote na makabati yote, nikavuta vitanda kutoka ukutani wasije wakanivunjia. Kisha nikasimama mlangoni na kitambulisho mkononi. Hata maneno ya kuwaambia nilishayaandaa: futeni viatu.

Wakatoka kwa jirani wa kushoto, wakapita mbele yangu, wakaingia kwa wifi yangu.

"Na hapa?" nikamwuliza yule wa orodha.

Hakunitazama. Aliteremsha kidole kwenye karatasi. "Mama, ingia ndani."

"Niko ndani tangu asubuhi nawasubiri nyinyi."

"Nimesema ingia ndani."

Nikaingia. Huo ndio ukawa upekuzi wangu.

Wifi yangu ni dada wa marehemu mume wangu. Nyumba ilikuwa moja, ya baba mkwe, na alipoona amezeeka akaikata katikati kwa ukuta wa tofali moja: huku mwanawe wa kiume, kule binti yake. Umeme ulipoletwa, mita ilifungwa upande wa wifi, na mimi ndiye niliyesema ya pili ni ya nini, waya mmoja unatosha nyumba mbili za ndugu. Nilipiga hesabu kwa kalamu yangu mwenyewe. Nina diploma, wakanisikiliza.

Mawifi wengine huumana. Sisi tuliumana kwa mdomo tu, miaka ishirini na mbili, kila siku ya Mungu. Ukuta ule hauzuii hata chafya. Nikiwa jikoni namsikia akigonga kwa mwiko: "Wifi, hicho unachopika kimekufa lini?"

"Kimekufa leo, kilipokuona."

"Kaka yangu alikuoa akiwa na homa."

"Ikamtoka kesho yake, na bado akabaki."

Mume wangu alipofariki, miaka sita iliyopita, watu walikuja na pole zao kwa wiki mbili kisha wakarudi makwao. Yeye aliendelea kugonga ukuta. Binti yangu ameolewa mji mwingine, watoto wake yeye wametawanyika. Tulibaki sisi wawili na mume wake, shemeji yangu, fundi friji, mtu mpole asiyeweza kukataa kazi. Karakana yake iko uani, imejaa majokofu ya watu kama wagonjwa wanaosubiri daktari.

Fundi wa friji analehemu mabomba ya shaba, na kulehemu kuna unga wake, mweupe, unaopakwa ili chuma kishikane. Shemeji alikuwa anaununua kwa mfuko na kuumwaga kwenye kopo la zamani la maziwa ya watoto. Mara ngapi nilimwambia aandike jina. Kazini kwangu hakuna kopo lisilo na jina. Wiki mbili kabla ya kikosi kuja nilimpigia kelele getini, mbele ya wanawake wanne waliokuwa wanachota maji:

"Shemeji, huo unga wako mweupe utakuja kukulaza ndani! Andika kopo!"

"Nikiandika nani atasoma, shemeji? Friji?"

Wanawake walicheka. Mama Pacha alikuwepo, wa nyumba ya tatu, na alicheka kuliko wote.

Kwa hiyo kikosi kilipotoka na shemeji amefungwa mikono nyuma, na askari amebeba lile kopo kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya, mtaa mzima ulikumbuka maneno yangu kabla sijayakumbuka mimi. Kisha wakatazama mlango wake na ule msalaba mwekundu ukichuruzika. Kisha wakatazama wangu, ambao haukuwa na alama yoyote.

Wifi alikuwa uani katikati ya vitu vyake. Walikuwa wamemwaga kila kitu: godoro limepasuliwa, nguo chini, mashuka kwenye tope la sabuni. Mimi ni msimamizi wa chumba cha kufulia hospitalini, nikiona shuka chini mkono unakwenda wenyewe. Nikaokota moja, nikampa pembe.

"Shika huko, wifi. Dakika kumi tutakuwa tumemaliza."

Akalivuta kutoka mikononi mwangu. "Acha."

"Utayakusanya peke yako hadi lini?"

"Nimesema acha. Umeshasaidia vya kutosha."

Sikuelewa. Mimi si mjinga, lakini sikuelewa, mpaka Mama Pacha aliposema kutoka kwenye ua, kwa sauti ya mtu anayejisemea: "Kikulacho ki nguoni mwako."

Siku ile walichukua watu kumi na tisa mtaani kwetu. Wauza vocha, dereva mmoja, mvulana anayeosha magari, na shemeji. Kwenye kona kuna nyumba ya ghorofa, ya bwana ambaye malori yake yanapakua usiku na hakuna anayejua yanapakua nini, ila kila mtu anajua. Pale kikosi kilikaa dakika saba. Wakachora kijani.

*

Niliamini litapita. Jumapili niligonga ukuta, mara mbili kama kawaida. Nikagonga tena.

"Wifi, umekula?"

Redio upande wa pili ikaongezwa sauti.

Sikuwahi kujua jinsi nyumba yangu ilivyo kubwa. Vyumba vitatu, mtu mmoja. Nilikuwa naviona vidogo kwa sababu sauti ya mwingine ilikuwa ndani yake tangu asubuhi. Sasa nikaanza kusikia vitu: bomba linadondoka, paa linapanuka na jua, mimi mwenyewe nikiweka kikombe mezani. Nilipika kidogo, kikabaki. Nikapika kidogo zaidi, bado kikabaki.

Mtaani hawakunitukana. Wangenitukana ningejibu, na kujibu ninajua. Walinisalimia. "Shikamoo Mama Shuka," ndivyo wanavyoniita kwa sababu ya kazi yangu, halafu mazungumzo yanakatika mpaka nipite. Duka la chini kila mtu alikumbuka ana haraka. Mwanamke aliyekuwa ananisuka kila mwisho wa mwezi alisema mkono unamuuma, na nikamwona jioni akimsuka mwingine.

Nilimpigia binti yangu.

"Mama, ni huo mdomo wako. Nimekuambia mara ngapi?"

"Mdomo wangu umesema kopo liandikwe. Kosa liko wapi?"

"Kosa ni kwamba umesema kwa sauti. Njoo ukae kwangu kidogo."

"Na nyumba?"

"Nyumba gani, mama? Si hata serikali imepita haijaiona?"

Nilicheka, kisha nikakata simu kabla hajasikia kicheko kinageuka kuwa kitu kingine.

Ila lile neno lake lilinikaa. Serikali imepita haijaiona. Kwa nini? Kitu kikipotea kazini kwangu sikai chini kulia, nafuata karatasi. Jumanne niliomba ruhusa ya saa mbili, nikaenda kituoni.

Mezani alikuwa koplo, binti wa umri wa binti yangu.

"Nimekuja kuomba kupekuliwa," nikamwambia.

Akaacha kuandika. "Kupekuliwa nini, mama?"

"Nyumba yangu. Mliiruka Jumamosi."

Akamgeukia mkubwa wake aliyekuwa anakunywa chai dirishani. "Afande, njoo usikie. Mama anataka tumpekue."

"Ana nini?"

"Sina kitu," nikasema. "Ndiyo maana nataka mje."

Afande alicheka mpaka chai ikampalia. "Mama, watu wanapiga simu kwa wakubwa wasipekuliwe. Wewe unakuja kwa miguu yako?"

"Mje na mbwa, mje na rangi. Mnichoree kijani, nirudi kuishi na watu."

Hapo aliacha kucheka kidogo. Alikuwa mtu mzima, na nadhani si mtu mbaya. Akamwambia koplo alete orodha ya mtaa wetu. Binti akapitisha kidole, akageuza ukurasa, akarudi.

"Mama, nyumba yako haipo."

"Mimi nimelala wapi basi miaka ishirini na mbili?"

"Haipo kwenye orodha. Hii tumepewa na shirika la umeme, maana nyumba zenu hazina namba. Mita moja, nyumba moja. Wewe huna mita." Akainua mabega. "Asiyekuwepo na lake halipo."

Nilikaa chini bila kukaribishwa. Ile kalamu yangu. Zile hesabu zangu za waya mmoja. Na kwa kuwa kazini nimezoea kusoma lebo zilizogeuka, nikaisoma ile orodha kichwa chini miguu juu. Namba themanini na nane, themanini na tisa, tisini: nyumba ya ghorofa. Ina mita tatu. Ilikuwa imehesabiwa nyumba tatu, zote safi.

"Basi niongezeni," nikasema. "Mwandike chini kwa mkono."

"Haiwezekani, mama," afande akasema. "Mtaa umefungwa. Nyumba mia tatu na kumi na mbili kati ya mia tatu na kumi na mbili. Waziri ameshasoma kwenye televisheni, asilimia mia. Nikipekua yako zinakuwa mia tatu na kumi na tatu. Nitamwambia nani?"

"Nipe barua basi. Iseme mimi si mtoa habari wenu."

Afande akaweka kikombe chini. "Hiyo ndiyo haiwezekani kabisa. Tukianza kuandika nani siye, watu watajua nani ndiye."

"Kuna aliye?"

"Mtaani kwenu?" Alimtazama koplo, akashusha sauti. "Wa nini, mama? Si tuliingia kila mlango?"

Hapo ndipo nilipojua. Hakuna aliyemchomea mtu utambi. Hapakuwa na haja. Lakini ukiwaeleza watu waliopoteza kumi na tisa kwamba ni mita tu na orodha, wanakuona unawadharau.

Nilisimama niondoke, kisha nikakaa tena.

"Niandikieni maelezo kuhusu lile kopo la shemeji yangu."

"Mama." Afande sasa alikuwa anazungumza kama mtu na dada yake. "Ukiandika, itaonekana ulikuja hapa. Huko kwenu kuna macho."

"Wameshaniona nikiingia. Nikitoka mikono mitupu nimepata nini?"

Niliandika kurasa mbili. Unga ni wa nini, unanunuliwa duka gani, unamwagwa kwenye kopo gani, mfuniko wa rangi gani, nilimwonya lini na mbele ya nani. Alhamisi nikarudi na pakiti mpya ya unga ule ule, haijafunguliwa, ina jina na nembo, pamoja na risiti ya dukani.

"Mkemia wenu apime hii na lile la kopo. Akikuta tofauti, nifungeni mimi."

Afande aliigeuza pakiti mkononi. "Lile la kopo ni kilo moja na robo. Imeshatangazwa, mama. Iko kwenye jumla ya Waziri."

"Basi atangaze tena ikitoka."

Safari hii hakucheka.

Jioni ile nilisimama kwenye ukuta nikasema yote, kwa sauti ya kawaida, najua anasikia. Orodha, mita, mia tatu na kumi na mbili, ghorofa iliyohesabiwa mara tatu. Redio ilizimwa. Nikangoja.

"Mita!" sauti yake ikaja, kavu. "Na diploma yako yote umekosa hata uongo mzuri?"

Ilikuwa mara ya mwisho kusikia neno lake kwa zaidi ya wiki mbili.

*

Siku ya ishirini na tatu Waziri aliondolewa. Wengine walisema amegusa asipotakiwa kugusa, wengine walisema hakugusa kabisa na wafadhili wamechoka. Alipewa wizara ya michezo. Waziri mpya alikuta mahabusu wanalala kwa zamu, akaagiza mafaili yote ambayo mkemia ameshayapima yatolewe uamuzi mara moja. Mengi yalikuwa hayajapimwa. La shemeji lilikuwa limepimwa, kwa sababu lilikuja na kitu cha kulinganisha nacho, na mtu wa maabara akaona hili ni jepesi, analimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Kati ya kumi na tisa, akatoka mmoja.

Nilimjua kwa kikohozi chake. Nilikuwa napiga pasi, nikakisikia ng'ambo ya ukuta, nikakaa kitandani pasi ikiwa mkononi. Nikasikia wifi anamwagia maji kwenye beseni. Nikasikia anacheka na kulia kwa wakati mmoja. Nilivua aproni, nikaosha uso, nikafungua mlango wangu wa mbele ili asihangaike kubisha.

Niliuacha wazi mpaka mbu wakaingia.

Siku iliyofuata hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Nikawaza labda anaona haya. Mtu akikukosea sana huwa anakukwepa kuliko uliyemkosea wewe.

Jumapili Diwani aliitisha mkutano uwanjani. Uchaguzi ulikuwa karibu, na kila mwenye kiti alikuwa anatafuta pa kukiegemeza. Watu waliokuwa na ndugu ndani walimzomea. Yeye akainua mikono, akasema mapambano dhidi ya dawa za kulevya yamefaulu hapa "kwa sababu ya wananchi wema waliotoa taarifa, na majina yao yako salama kwangu." Hakuwa na jina hata moja. Nilitaka kusimama niseme. Nilikuwa nyuma kabisa, peke yangu, kuna nafasi ya watu watatu kila upande wangu, na vichwa vilianza kugeuka. Havikunitazama mimi tu. Vilimtafuta shemeji pia.

Usiku ule jiwe lilitua juu ya paa. Upande wao, si wangu.

Jumatano wifi alikuja kazini kwangu.

Alipitia mlango wa nyuma, wanakoshushia mabunda ya nguo chafu. Mashine mbili kubwa zilikuwa zinakamua, na zikikamua sakafu inatetemeka, huwezi kusikika mpaka usogee karibu. Alikonda. Alikaa kwenye bunda la mashuka ya wodi ya wazazi, mkoba mapajani, akawa anaangalia ngoma ya mashine inavyozunguka.

"Nilionyeshwa maelezo yako kituoni," akasema. "Kurasa mbili. Umeandika mpaka rangi ya mfuniko."

"Njano."

"Najua ni njano, wifi, kopo ni langu."

Wifi. Niligeuka nikajifanya natazama saa ya mashine.

"Kwa hiyo unajua," nikasema.

"Nilijua kabla ya hayo maelezo. Siku ile uliposema kwenye ukuta, nilikwenda kuihesabu ile mita kama mwendawazimu, nikitafuta ya pili. Lakini nilikuwa nimeshasema mengi kwa watu. Nilisema wewe ndiye. Nilimwambia Mama Pacha, nikamwambia mpaka mwenye duka."

"Si uwaambie ulikosea."

"Sasa hivi?" Akacheka bila sauti. "Sasa hivi wanasema mume wangu ametoka kwa kutaja wenzake, na aliyemsafishia njia ni wewe, uliyeonekana unaingia kituoni mara mbili. Jumapili jiwe. Jana nimekuta tambara limelowa mafuta ya taa mlangoni pa karakana. Halikuwashwa. Wameniachia nilione."

Mashine moja ikaisha mzunguko. Nikaiwasha tena, tupu, tusisikike.

"Unataka nini?"

"Nataka tugombane."

"Tunagombana miaka ishirini na mbili."

"Si hivyo. Nje, mbele ya watu. Nikutukane kama mtu aliyeniuzia mume. Wakiona bado nakuchukia, watajua hatukupanga kitu. Watajua alitoka kwa bahati yake."

"Na mimi watanijua nini?"

Alifungua mkoba, akaufunga. "Wewe ulishachukiwa, wifi."

Alisema kama ambavyo ningesema mimi. Sikuona pa kukasirikia.

"Mpaka lini?"

"Mpaka wale kumi na nane watoke."

"Na wasipotoka?"

Niliwaza kukataa. Sitaficha, niliwaza. Nilimwokolea mume kwa mkono wangu, na ujira wake ni kutukanwa hadharani? Nikawaza pia lile tambara, na majokofu ya watu, na ukuta ule wa tofali moja: moto hauulizi mita ni ya nani. Lakini si hilo lililonishinda. Kilichonishinda ni kwamba alikuja. Alipanda magari mawili kuja kuniomba, na hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeweza kumwomba.

"Jumamosi," nikasema. "Saa nne. Watu wanakuwa wameamka na hawajaenda sokoni."

"Sawa."

"Na usilie. Ukilia utaharibu."

"Na wewe usicheke."

Akasimama. Nilidhani atanishika mkono. Mlangoni alikuwa anaingia kijana wa kusukuma toroli, kwa hiyo akainama kama mtu aliyekuja kuulizia mgonjwa, akatoka.

*

Jumamosi saa nne nilikuwa nafagia mbele. Wifi akatoka na ndoo ya maji machafu, akaimwaga miguuni pangu.

"Samahani hujui kusema?" nikaanza.

"Samahani nikuombe wewe? Mchawi mkubwa! Hujashiba?"

Madirisha yakafunguka. Mama Pacha akatoka na kitambaa begani, akaweka mkono kidevuni.

"Nishibe nini kwako? Kuna kitu kwako?"

"Ulikuwa unakula kwangu, unalala kwa umeme wangu, ukaenda kumwuza mume wangu! Kila mtu hapa anajua! Na hata waliokusikia ukimtabiria wako hapa!"

"Mumeo alipelekwa na uchafu wa karakana yake. Mimi nilimwambia."

"Ulimwambia ili upate ushahidi!"

Watu walisogea. Nyuso zilikuwa na ile njaa ya watu waliokaa mwezi mzima na hasira bila kupewa mtu wa kuimalizia. Nilimwona mama wa yule mvulana wa kuosha magari, amevaa kanga ile ile ya siku alipochukuliwa mwanawe. Nilitaka kumwambia jambo. Nikashika ufagio.

"Hii nyumba si yako," wifi akasema. Sauti ilikuwa imeshuka, na hapo ndipo iliponiingia. "Uliachiwa ukae, hukuachiwa utawale. Umemzika kaka yangu kwa huo mdomo, mtu hakupata kupumzika hata siku moja, amekufa akisikiliza orodha zako. Sasa ulitaka kumzika na wangu."

Hilo hatukulipanga. Lakini hakuna tulichokipanga, tulipanga siku na saa tu. Nilimtazama machoni nijue kama analisema yeye au analisema la watu. Macho yalikuwa makavu, kama nilivyomwagiza. Sikuona kitu. Mpaka leo sijui, na si jambo la kumwuliza mtu kupitia ukutani.

"Umemaliza?" nikasema.

"Sijamaliza! Kuanzia leo, mimi wifi sina. Nikifa usinizike, ukifa sikuziki!"

Na hapo jibu likanijia. Lilikuja lenyewe, kama yanavyokuja siku zote, limeshakamilika, mwanzo na mwisho. Lilikuwa juu ya mazishi yake na aina ya jeneza litakalomtosha, na lilimgusa mpaka marehemu baba mkwe. Nilimwona na yeye amelijua linakuja. Anajua jinsi ninavyovuta pumzi. Pembe ya mdomo wake ilianza kutetemeka, akaibana kwa meno, akanitazama kama mtu anayeomba asisukumwe.

Angecheka. Angecheka mbele ya watu arobaini, na mimi ningecheka, na wangejua.

Nikalimeza. Nikaokota ufagio wangu, nikaingia ndani, nikafunga mlango kwa kitasa na komeo.

Nje sauti ya Mama Pacha ikasema, "Pole, mdogo wangu. Umefanya vizuri. Njoo kwangu ukae, usikae peke yako leo." Sauti nyingine ikasema njoo, na nyingine, tatu, nne, tano. Mtu alimletea maji. Mtu alimwambia na mumeo aje, tumwone. Niliwasikia wakienda naye, viatu vingi pamoja, mpaka wakafika nyumba ya tatu na sauti zikaingia ndani.

Mpango wetu ulifaulu. Hakuna aliyerusha jiwe tena.

Nilikaa ukingoni mwa kitanda na jibu langu. Lilikuwa zuri kweli, labda zuri kuliko yote niliyowahi kupata, na halikumfaa mtu mwingine yeyote.